Serotonini na dawa kali za maumivu: wanyama wametufundisha nini?

Katika vipindi vyetu vya afya na vya mifugo kuna maswali yanayojirudia. Kwa nini mtu mmoja akimeza tramadoli anapata nafuu na kulala, na mwingine anatetemeka na kutoka jasho? Kwa nini daktari anauliza kwanza kama unatumia dawa ya sonona kabla hajakuandikia dawa ya maumivu? Na je, ni sawa kumpa mbwa au ng'ombe kidonge cha binadamu?

Maswali haya yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini yote yanakutana mahali pamoja: kemikali ya mwilini iitwayo serotonini, na namna inavyoshirikiana na dawa za jamii ya afyuni. Mengi tunayoyajua kuhusu ushirikiano huo yamepatikana kwa kuwachunguza wanyama: panya, sungura, mbuzi na hata faru. Katika makala haya tunaeleza hatua kwa hatua.

Dawa za jamii ya afyuni ni zipi?

Afyuni, ambayo wazee wengine huiita kasumba, ni utomvu wa mmea wa mpopi. Ndani yake ndimo inamotoka mofini. Baadaye wataalamu walitengeneza viwandani dawa nyingine zinazofanya kazi kwa njia hiyo hiyo: pethidini inayojulikana sana hospitalini, fentanili, methadoni, tramadoli, na etofini inayotumiwa na madaktari wa wanyamapori.

Dawa hizi zinafanya kazi kwa kushika kwenye vipokezi maalumu vilivyo katika ubongo na uti wa mgongo. Fikiria kufuli na ufunguo: kipokezi ni kufuli, dawa ni ufunguo. Vipokezi hivyo vilithibitishwa na wanasayansi mwaka 1973. Ufunguo ukiingia, taarifa ya maumivu inapungua nguvu. Lakini kufuli hizo hizo zipo pia katika sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi. Ndiyo maana dawa inayoondoa maumivu, ikizidi, inaweza kumfanya mtu aache kupumua.

Serotonini ni nini?

Serotonini ni kemikali inayotengenezwa na mwili wenyewe. Ilitengwa na kupewa jina hilo mwaka 1948 huko Cleveland, Marekani, ingawa mwanasayansi wa Italia, Vittorio Erspamer, alikuwa ameshaiona utumboni miaka ya 1930 na kuiita jina jingine. Kwa kweli sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, takriban asilimia 90, iko tumboni, ambako inasaidia utumbo kusukuma chakula. Kiasi kidogo kilichopo kwenye ubongo ndicho kinachogusa hali ya moyo, usingizi, hamu ya kula, joto la mwili na maumivu.

Mwili unaitengeneza serotonini kutokana na triptofani, kirutubisho kilichomo katika protini ya chakula. Tutarudi kwenye hilo, kwa sababu linagusa sahani ya ugali.

Njia ya kuzima maumivu

Maumivu hayapandi tu kutoka kwenye jeraha kwenda kichwani. Ubongo nao unatuma amri ya kushuka chini, kuyapunguza. Mkulima aliyejikata na jembe akiwa katikati ya kazi wakati mwingine haoni uchungu mpaka afike nyumbani. Mfumo huo wa kushuka ndio unaohusika.

Mwaka 1969 mtafiti David Reynolds alionyesha jambo lililowashangaza wengi: akipitisha umeme kidogo katika sehemu fulani ya katikati ya ubongo wa panya, panya huyo aliweza kufanyiwa upasuaji bila nusu kaputi na bila kuonyesha dalili za maumivu. Baadaye ikafahamika kwamba sehemu hiyo inatuma ujumbe kwenye kundi la seli zilizo chini ya ubongo, na nyingi kati ya hizo zinapeleka serotonini kwenye uti wa mgongo. Mofini nayo inaiamsha njia hii hii.

Kwa maneno mengine, mofini haifanyi kazi peke yake. Ni kama mwenyekiti wa kitongoji anayetoa agizo: lazima awepo mjumbe wa kulifikisha nyumba kwa nyumba. Katika njia hii, mmoja wa wajumbe ni serotonini.

Panya walionyesha nini?

Ushahidi wa mwanzo ulitoka kwa panya wa maabara. Hao si panya wa ghalani tunaowahofia hapa Lushoto kwa sababu ya tauni, bali wanaofugwa kwa ajili ya utafiti. Mwaka 1968 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba panya waliopewa kemikali ya kuzuia mwili kutengeneza serotonini hawakupata nafuu ya kawaida kutoka kwa mofini. Dawa ilikuwepo, lakini mjumbe alikuwa amepungua.

Jaribio la pili ni la mwaka 1975, na linagusa chakula chetu kikuu. Panya walilishwa kwa muda mrefu chakula cha mahindi chenye triptofani kidogo. Serotonini katika ubongo wao ilipungua, na wakawa wepesi zaidi kushtuka walipoguswa na umeme wenye maumivu. Walipochomwa sindano moja ya triptofani, serotonini ilirudi na hali ikawa ya kawaida.

Tafadhali, msikilizaji, usitoke hapa ukisema redio imetangaza kwamba ugali unaleta maumivu. Panya wale hawakupata mboga. Mahindi ya kawaida yana upungufu wa triptofani na wa kirutubisho kingine kiitwacho laisini, na maharage yanasaidia kuziba pengo hilo. Sahani ya ugali na maharage, inayoliwa kila siku kuanzia Mlalo hadi Bumbuli, inajitosheleza vizuri zaidi kuliko ugali wa chumvi. Maziwa, mayai na dagaa husaidia pia. Hata mbegu za mahindi aina ya Lishe zilizotolewa hapa Tanzania zilizalishwa ili kuongeza virutubisho hivyo viwili.

Hata hivyo, ni lazima tuseme kwamba mambo hayakuwa mepesi kila mara. Baadhi ya watafiti waliorudia majaribio ya kupunguza serotonini hawakupata matokeo yale yale. Sababu mojawapo ni kwamba serotonini haina kufuli moja. Ina jamii saba za vipokezi, na ndani yake aina zisizopungua 14. Kufuli moja ikifunguka, maumivu yanapungua. Nyingine ikifunguka, maumivu yanaongezeka. Kwa hiyo kusema "serotonini nyingi ni nzuri" au "serotonini nyingi ni mbaya" si sahihi. Inategemea imeshika wapi.

Mnyama mmoja analala, mwingine anaruka

Jambo jingine ambalo wanyama wametufundisha ni kwamba dawa ile ile inaweza kuleta tabia tofauti kabisa. Mofini humfanya mbwa atulie na kusinzia. Paka na farasi wakipewa kiasi kikubwa wanaweza kuchachamaa, kutembea huku na huko na kukosa utulivu. Panya wadogo wa maabara hukimbia bila kuchoka na mkia wao husimama juu kama upinde. Mkia huo ulijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na ulitumiwa kutambua kama kitu fulani kina mofini.

Tramadoli inaonyesha tofauti hizo vizuri zaidi. Dawa hii ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977. Ina mikono miwili. Mkono wa kwanza ni wa afyuni: ini linaibadilisha tramadoli kuwa kitu kingine, na hicho ndicho kinachoshika kwa nguvu vipokezi vya afyuni. Mkono wa pili unazuia serotonini, pamoja na kemikali nyingine iitwayo noradrenalini, isirudishwe haraka ndani ya seli, hivyo zinabaki nyingi zaidi zikifanya kazi.

Sasa, ini la mbwa linatengeneza kiasi kidogo sana cha kile kitu cha mkono wa kwanza. Ini la paka linatengeneza kingi. Ndiyo maana kidonge kinachomtuliza paka kinaweza kumwacha mbwa na maumivu yake, huku serotonini ikipanda. Hata binadamu hatufanani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta kwamba takriban asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na nakala za ziada za kinasaba kinachoongoza kazi hiyo ya ini. Mtu wa namna hiyo anaweza kupata nguvu kubwa ya dawa kwa kidonge ambacho kwa jirani yake ni cha kawaida.

Faru wa Mkomazi na mbuzi wa maabara

Ukisimama Mtae au Mambo, ukatazama chini upande wa kaskazini, unaiona nyanda kavu ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Humo kuna faru weusi waliorejeshwa kutoka mbali: mwaka 1997 na 2001 kutoka Afrika Kusini, mwaka 2009 kutoka Jamhuri ya Czech, na mwaka 2012 kutoka Uingereza.

Faru hafungwi kamba na kuswagwa kama ndama. Ili kumhamisha au kumtibu, daktari wa wanyamapori humpiga sindano kwa bunduki maalumu. Dawa inayotumika sana kwa faru na tembo ni etofini, ambayo ina nguvu zaidi ya mara 1,000 kuliko mofini. Milligramu chache tu zinamwangusha mnyama wa zaidi ya tani moja. Kabla ya kuanguka, faru huanza kutembea akiinua miguu juu kupita kawaida, kama anayevuka tope, kisha anasimama ameganda au analala. Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia hii: daktari wa mifugo Toni Harthoorn, aliyefanya kazi Uganda na Kenya, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa njia hii miaka ya 1960. Maisha yake ndiyo yaliyochochea tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Daktari.

Tatizo kubwa la etofini ni pumzi. Mnyama anatulia, lakini hewa inapungua hadi damu inakosa oksijeni ya kutosha. Ipo dawa ya kuizima etofini, ila ukiitumia mapema mnyama anaamka papo hapo, na faru aliyeamka katikati ya kazi ni hatari kwa kila mtu. Swali likawa: je, unaweza kurudisha pumzi bila kumwamsha mnyama?

Hapa serotonini inaingia tena. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwa panya kwamba dawa inayofungua aina mojawapo ya vipokezi vya serotonini ilirudisha pumzi iliyofifishwa na fentanili, bila kuondoa nafuu ya maumivu. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, wakafanya jambo kama hilo kwa mbuzi. Waliwapa mbuzi etofini, kisha wakawapa moja kati ya dawa mbili zinazogusa vipokezi vya serotonini. Pumzi iliboreka na oksijeni ikapanda katika damu, lakini mbuzi walibaki wameganda vile vile. Baadaye watafiti hao waliendelea na swala pala.

Maana yake ni nini? Ni kwamba kazi za dawa za afyuni zinaweza kutenganishwa. Kutuliza mnyama na kudhoofisha pumzi si kitu kimoja, na serotonini inaweza kugusa kimoja ikaacha kingine. Kwa madaktari wa wanyamapori hilo ni tumaini la kupoteza wanyama wachache zaidi.

Kwa binadamu bado. Mwaka 2005 ilichapishwa kazi iliyojaribu kwa watu dawa mojawapo ya aina hiyo, mosapridi, pamoja na mofini, na haikurudisha pumzi. Kilichofanya kazi kwa mbuzi si lazima kifanye kazi kwa mchungaji. Mtu aliyezidiwa na dawa ya afyuni tiba yake hospitalini ni naloksoni pamoja na kusaidiwa kupumua.

Serotonini ikizidi

Sasa tuje kwenye hatari inayotuhusu moja kwa moja. Katika majaribio, sungura waliopewa kwanza dawa ya zamani ya sonona, ile inayozuia serotonini isivunjwe, kisha wakachomwa pethidini, walipandwa na joto kali na wengi walikufa. Panya ambao serotonini yao ilipandishwa sana walitikisa vichwa, wakatetemeka na kukanyaga-kanyaga kwa miguu ya mbele bila kusogea.

Hayo si mambo ya maabara tu. Mwaka 1984 huko New York, binti wa miaka 18 aliyekuwa akitumia dawa ya sonona ya aina hiyo alichomwa pethidini hospitalini, akapandwa na homa kali na kufariki. Wataalamu wengi wanaamini mchanganyiko huo ulichangia kifo chake.

Dawa za afyuni hazilingani katika hatari hii. Tramadoli, pethidini, methadoni na fentanili ndizo zinazogusa serotonini zaidi. Mofini na kodeini hatari yake kwa upande huo ni ndogo zaidi. Hatari inaongezeka dawa hizo zikichanganywa na:

- dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini. Kumbuka kwamba amitriptilini hutolewa pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa hiyo mtu anaweza kuwa nayo bila kujua kuwa ni dawa ya sonona;
- linezolidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu sugu;
- baadhi ya dawa za kikohozi zenye dekstromethofani.

Zitambue dalili

Kuna hali mbili zinazofanana kwa jina la "kuzidiwa na dawa" lakini zina sura tofauti.

Serotonini ikizidi, mtu anakuwa na wasiwasi au kuchanganyikiwa, anatoka jasho, joto linapanda, moyo unakwenda mbio, anaharisha, anatetemeka, na misuli hasa ya miguu inashtuka au kukakamaa. Mboni za macho zinapanuka.

Nguvu ya afyuni ikizidi, ni kinyume: mtu anasinzia na haamki, anapumua taratibu sana au kwa kukoroma, midomo inabadilika rangi, na mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Tramadoli inaweza kuleta hali zote mbili, na juu yake inaweza kuleta degedege. Katika hali yoyote kati ya hizo, mlaze mgonjwa kwa ubavu, usimlazimishe kunywa maziwa wala kitu kingine, mpeleke hospitali haraka, na beba pakiti za dawa zote alizotumia. Pakiti hiyo inaweza kuokoa muda kuliko maelezo marefu.

Vidonge vya binadamu kwa mifugo

Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata tramadoli katika mizizi ya mti mmoja wa dawa huko Cameroon. Ikawa habari kubwa: dawa ya kiwandani imeota porini! Lakini mwaka uliofuata watafiti wengine wa Ujerumani walionyesha maelezo mengine. Wakulima wa kaskazini mwa Cameroon walikuwa wakimeza tramadoli wenyewe na kuwapa ng'ombe wa kulima ili wavumilie jua na kazi. Mkojo na kinyesi viliingia kwenye udongo na maji, na mizizi ikafyonza.

Ng'ombe yule hakupata nguvu mpya. Alinyimwa taarifa ya kwamba amechoka na anaumia. Mnyama asiyesikia maumivu ataendelea kuvuta jembe akiwa na mguu ulioteguka. Na pakiti ya dawa ya binadamu haikuambii usubiri siku ngapi kabla ya kunywa maziwa ya ng'ombe huyo. Ushauri wetu ni mmoja: mnyama akiumwa, mwite afisa mifugo wa kata. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mifugo.

Hili ni kweli pia kwa vijana wanaomeza tramadoli ili wabebe magunia ya viazi au waendeshe bodaboda usiku kucha. Uchovu haujaondoka, umefunikwa tu.

Msiiogope mofini ya mgonjwa

Tusingependa makala haya yamfanye mtu amnyime mgonjwa wake dawa. Mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali ana haki ya kutulizwa. Mofini ya maji, ikipimwa na mtaalamu, imetumika kwa miaka mingi. Uganda ilionyesha njia: Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993 chini ya Dkt. Anne Merriman, na tangu 2004 sheria ya huko inawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Hapa kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, inaitoa. Kumpa mgonjwa mofini kwa kipimo sahihi si kumharakishia kifo.

Mambo matano ya kukumbuka

1. Dawa kali za maumivu hushirikiana na serotonini ya mwili. Ndiyo maana dawa nyingine unazotumia zina umuhimu.
2. Mtajie mtoa huduma kila dawa unayomeza, zikiwemo za sonona, za kifua kikuu, za kikohozi na za miti shamba.
3. Usinunue tramadoli bila cheti cha daktari, na usimpe mwingine iliyokusaidia wewe.
4. Ukiwa umeitumia kwa muda, usiikatishe ghafla. Rudi kwa daktari akupunguzie taratibu.
5. Usimpe mnyama kidonge cha binadamu. Ini lake si ini lako.

Kama una swali kuhusu dawa uliyo nayo nyumbani, chukua pakiti yake uende nayo zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na uisome pamoja na mtaalamu. Sisi tutaendelea kulizungumzia suala hili hewani.